Sharti la Tatu

Hai Amarat, Juba
2 Septemba 2013

Mwalimu Crispus,

Bwana asifiwe. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote wa Budalang'i.

Naandika kwa karatasi kwa sababu uliniambia kwenye simu, kabla haijakatika, kwamba kamati ya mchango haiamini maneno ya simu. Inataka kitu chenye tarehe na sahihi, kinachoweza kusomwa kanisani. Basi kisomwe.

Mchango wenu umefika. Mkurugenzi wetu, Bwana Norman, alisoma barua yenu ya kwanza mara mbili kisha akaniuliza, "Penina, hawa si ndio wale ambao mto Nzoia huwafukuza makwao kila mvua kubwa?" Nikamwambia ndio hao. "Na bado wanachangia mafuriko ya wengine?" Nikamwambia ndiyo sababu wanachanga. Shirika letu ni dogo, hupokea fedha kutoka nchi za mbali, na sidhani limewahi kupokea harambee ya watu wanaolala juu ya tuta la kuzuia mto.

Kwa wale walioingia kamati juzi: Mwalimu Akot ni yule mkimbizi aliyetufundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka kumi na mmoja. Nchi yake ilipopata uhuru alifunga virago akarudi kwao, kijiji kilicho kando ya Nile, kaskazini mwa mji wa Bor. Alijenga shule ya miti na nyasi, akaanza na watoto sitini. Mwezi jana maji yaliibeba shule hiyo nzima nzima. Alinipigia simu kutoka Bor, alikofika kwa kutembea ndani ya maji siku mbili.

Nilimuuliza anataka nini kwanza: unga, blanketi au dawa? Akacheka, unakumbuka kicheko chake. "Penina, blanketi litalowa na unga hautafika. Watu wako juu ya vichuguu kama ndege. Nitafutie mashua. Mashua ikifika, vingine vyote vitafika."

Kwa hiyo naomba kamati ikubali tununue mashua tatu za mbao. Yupo fundi Mganda hapa Konyo Konyo, soko lililo karibu na mto, anayezitengeneza vizuri. Kitakachobaki tununue maturubai na mbegu za mtama za kupanda maji yakishuka.

Naomba jibu la haraka. Basi la Kampala huondoka kila siku na dereva ni mwaminifu.

Wako mtiifu,
Penina Nabwire


Budalang'i
15 Septemba 2013

Binti yangu Penina,

Salamu katika jina la Bwana. Barua yako ilisomwa kanisani na ikasomwa tena kwenye mkutano wa kamati Jumamosi, maana kuna waliosinzia mara ya kwanza. Mashua tatu zimekubaliwa. Alipotajwa mwalimu wetu akitembea ndani ya maji siku mbili, mama mmoja alisema kwa sauti, "Huyo ni Akot kweli," na watu wakapiga makofi.

Ila kuna masharti, na nimeambiwa niyaandike neno kwa neno. La kwanza, kila kilichonunuliwa kiwe na stakabadhi. La pili, mashua ziwe mali ya kijiji, si ya shirika wala ya mtu. La tatu, nanukuu: "Mashua hizi ni za mafuriko peke yake. Hazitabeba bidhaa, wala wasafiri, wala askari, wala mtu yeyote ambaye hakufukuzwa na maji, hata kama aombaye ni mkubwa, hata kama ni kwa saa moja."

Hilo la tatu ni la Mama Loise, mweka hazina wetu. Alisimama akasema lisipoandikwa hataachia hata shilingi itoke. Katibu alijaribu kumwambia kwamba mashua ni chombo tu, inafanya kazi yoyote. Mama Loise alimtazama mpaka akakaa chini.

Mwalimu Akot atie sahihi, nawe utie. Usiniulize zaidi.

Wako,
Mwalimu Crispus Wandera, Mwenyekiti
(muhuri uko nyuma)


Hai Amarat, Juba
27 Oktoba 2013

Mwalimu,

Mashua mbili zimefika! Nakutumia stakabadhi na picha moja; aliyesimama ndani ya maji akishika kamba ni Mwalimu Akot. Amekonda, lakini ukimtazama machoni utamjua.

Nataka kamati ijue fedha zao zilivyofanya kazi. Yule fundi Mganda, Semei, alipoambiwa ni mashua za mafuriko alikataa mbao nilizochagua. "Hii ya kuvua samaki, sawa. Ya mafuriko inagonga miti chini ya maji," alisema, akaenda mwenyewe soko la Custom kutafuta mbao nene. Kila jioni baada ya kazi nilipanda boda kwenda kumsimamia, na kila jioni alinifukuza. Nimejifunza kuziba nyufa kwa pamba na lami. Kucha zangu mpaka leo ni nyeusi, na ofisini wananiita Fundi Msaidizi.

Mwalimu Akot anasema siku ya kwanza walitoa familia kumi na tisa kwenye vichuguu. Siku ya nne walifikisha unga, ya tano muuguzi. Sasa maji yameanza kushuka kidogo na watu wanauliza habari za mbegu. Nilisikia sauti yake simuni nikajua kwamba kijiji kile hakitahama.

Nina ombi moja. Maji yakishuka, mto wenyewe utabaki, na zahanati iko ng'ambo. Naomba kamati iruhusu mashua zibebe wagonjwa, na watoto wa shule pia. Ni ombi dogo. Mashua ya tatu itakuwa tayari kabla ya Krismasi.

Wako,
Penina


Budalang'i
10 Novemba 2013

Binti yangu,

Picha imezunguka kijiji kizima na imerudi imekunjika. Tunakupongeza.

Kuhusu ombi lako, kamati imekataa. Kura zilikuwa nyingi upande wako, lakini Mama Loise aliweka funguo za sanduku mezani akasema basi tafuteni mweka hazina mwingine. Hatukutafuta. Sharti la tatu linabaki lilivyo.

Nakuomba uvumilie.

Crispus Wandera


Hai Amarat, Juba
9 Desemba 2013

Mwalimu Crispus,

Nimevumilia mwezi mmoja. Leo nitasema, na ukipenda usisome kanisani.

Wiki mbili zilizopita kijana mvuvi wa kijiji cha Mwalimu Akot aliumwa na nyoka. Mashua mbili zilikuwa zimefungwa ufukweni, kavu, safi, zinatazamwa. Watu walimwomba Akot azifungue. Akasema, "Nimetia sahihi." Walimbeba kijana kwa kitanda, wakazunguka kinamasi kwa miguu mpaka walipopata mtumbwi wa kukodi. Amepona, lakini mguu umekatwa.

Sikujua nimkasirikie nani. Nilimuuliza Akot kwa nini hakuvunja karatasi ya watu walio mbali kiasi hicho. Alinijibu polepole, kama nimekosea hesabu ubaoni: "Sharti hilo lina sababu, Penina. Liheshimu." Sababu gani? Hakusema. Wewe pia hukusema. Mnanificha nini?

Hapa Juba nimeona wafadhili wa kila aina. Wapo wanaotaka picha, wapo wanaotaka jina lao lipakwe rangi kwenye tangi la maji. Nilidhani watu wa kwetu wangekuwa tofauti, maana wanajua maji. Mwambieni Mama Loise kwamba aliyetoa msaada kisha akaushika mkia bado hajautoa.

Mashua ya tatu imebakiza lami.

Penina


Hai Amarat, Juba
4 Januari 2014

Mwalimu,

Niko hai. Mwambie mama yangu hivyo kabla hujasoma mengine.

Mmesikia redioni. Milio ya risasi ilianza Jumapili ile ya tarehe kumi na tano, na mpaka Jumatano hatukutoka nje. Tulikuwa watu watano sakafuni katika stoo ya ofisi, katikati ya marundo ya maturubai, tukila biskuti na kunywa maji ya tangi. Sitaandika tulichokiona tulipotoka. Nchi hii ina miaka miwili na nusu tu, Mwalimu. Nilikuwa nimeanza kuiona inakua.

Ndege za kuwachukua Wakenya zilikuja. Bwana Norman alinipatia nafasi, nikafika uwanjani na begi moja. Mbele yangu kulikuwa na foleni ya watu waliokwenda nyumbani, na nyuma yangu, ng'ambo ya uzio, watu waliokuwa nyumbani tayari na hawakuwa na pa kwenda. Nikakumbuka yale maturubai. Nikamwambia mtu wa orodha afute jina langu. Aliniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia nina funguo za stoo.

Tangu hapo nafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Watu wamejaa kwenye kambi, mvua haipo, lakini jua linaua vilevile, na kila turubai ni nyumba.

Kuhusu mashua: ziko salama. Mbili ziko kwa Mwalimu Akot, ya tatu iko kwa Semei. Sina zaidi la kuripoti.

Wako,
Penina


Budalang'i
13 Januari 2014

Binti yangu Penina,

Mama yako alicheza nilipomwambia. Alicheza uani bila ngoma.

Nimekufundisha tangu darasa la nne. Hujawahi kuniandikia barua isiyokuwa na zaidi la kuripoti. Wiki hii amefika hapa kijana wetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya hoteli huko Juba, naye amesema sokoni kwamba mashua za Budalang'i zinavusha watu wanaokimbia vita. Mama Loise amesikia. Alikuja kwangu, akakaa, akaondoka. Kwa hiyo nakuuliza wazi: ni kweli?

Na kwa kuwa nakudai ukweli, nami nitakulipa wangu, uliouomba Desemba.

Mwaka ule tuta lilipopasuka, miaka kumi iliyopita, wewe ulikuwa bweni Kakamega. Hukuona. Serikali ilituletea mashua moja ya uokoaji. Siku ya pili asubuhi, mkubwa mmoja aliyekuwa na magunia ya mahindi katika ghala aliomba aazimwe mashua hiyo, kwa saa moja tu, kabla mahindi hayajalowa. Akapewa. Mama Loise alikuwa amelazwa hospitalini kwa uzazi. Binti yake Cissy, mwenye miaka tisa, alikuwa juu ya paa la jiko na bibi yake, anaonekana kabisa kutoka kwenye tuta. Watu walimpigia kelele ashike paa, mashua inakuja. Ilikuja saa kumi alasiri. Bibi alikuwepo. Mtoto hakuwepo.

Sasa soma tena sharti la tatu. Utaona si karani aliyeliandika.

Sikukuambia kwa sababu Mama Loise alituapisha tusimwombee huruma kwa mtu yeyote. Hataki mashua ziitwe za marehemu. Alitaka tu ziwepo zinapohitajika. Uliposema ameushika mkia wa msaada, nilimsomea barua yote isipokuwa mstari huo. Sijui kama nilifanya vyema.

Nangoja.

Mwalimu wako,
Crispus


Konyo Konyo, Juba
24/1/2014

Mzee Crispus,

Jambo sana. Mimi ni Semei, fundi ya boti. Dada Penina iko na malaria, daktari alisema alale, kwa hiyo mimi naandika. Swahili yangu ni ya soko, usicheke.

Barua yako ilifika. Yeye alisoma, akageuka kwa ukuta. Halafu alisema, "Semei, andikia Mwalimu ukweli yote." Basi ukweli ni hii.

Tarehe 19 mwezi ya kumi na mbili Mwalimu Akot alipiga simu. Mimi nilikuwa hapo hapo, nilikuja kuona kama dada iko mzima. Mwalimu alisema watu wanakimbia vita, wako kwa nyasi ndani ya maji, mamia, na mvua haikuwafukuza, ni bunduki. Aliuliza, "Nifungue mashua?" Dada alisema, "Fungua." Hakungoja hata kidogo. Simu ilikata. Yeye alikaa chini akasema, "Nimevunja neno ya watu yangu."

Ingine ni hii. Boti ya tatu, bosi Norman alisema ifungiwe mpaka amani irudi. Dada alimwambia, "Boti si yako, ni ya kijiji, sharti ya pili." Tulipakia maturubai, unga, chumvi na dawa, tukafunga injini, tukateremka na mto siku mbili mpaka Mingkaman, ile ng'ambo ya magharibi watu walikimbilia. Nilimwambia yeye abaki Juba. Alikataa. Alikaa mbele na mti mrefu anapima maji, na alikuwa anapima vizuri kuliko vijana yangu. Watu kule ni wengi kama mchanga. Malaria aliipata huko.

Waganda wenzangu wengi walirudi nyumbani. Mimi pia nilifunga sanduku ya vyombo. Lakini ukijenga boti unataka kuona kazi yake.

Boti moja imepotea. Hiyo Mwalimu Akot ataandika mwenyewe. Mimi siwezi.

Ni mimi,
Semei Waiswa


Mingkaman
28 Januari 2014

Mama Loise,

Ni mimi, Akot, niliyekuwa mwalimu wa hesabu wa Cissy. Semei ataipeleka barua hii Juba, na kutoka huko itakufikia. Naomba uisome peke yako kwanza.

Nilitia sahihi sharti lako nikilijua lilikotoka. Kijana alipoumwa na nyoka nililishika, na watu wangu walinichukia, na nikakubali kuchukiwa. Lakini vita vilipofika, nilitazama wale watu ndani ya nyasi, wamezama mpaka kifuani, watoto mabegani, na sikuweza kutofautisha maji na risasi, lipi lililowafukuza. Nilimpigia Penina nikitaka aseme hapana ili nisiwe peke yangu. Alisema ndiyo.

Tulivusha watu siku tisa, kutoka visiwa vya nyasi mpaka ng'ambo hii. Vijana walipokezana makasia, viganja vikachubuka, wakavifunga vitambaa na kuendelea. Siku ya sita, adhuhuri, tukiwa tumebakiza watu kama arobaini kwenye kisiwa, walitokea wanaume wenye silaha wakaitaka mashua moja. Sitasema ni wa upande gani; bunduki zote zinafanana ukizitazama kwa mbele. Niliishika kamba. Mmoja alinipiga bega kwa kitako cha bunduki. Nikaachia.

Hapo ndipo nina jambo la kukuambia, ambalo sijamwambia mtu kwa miaka kumi, hata Mwalimu Crispus.

Asubuhi ile ya tuta, mimi ndiye niliyekwenda ghalani kuidai mashua. Niliwakuta wakipakia magunia. Niliwaambia kuna mtoto juu ya paa. Wakasema dakika chache tu. Nikaingia majini nikaishika kamba, wakanipiga kasia mkononi, nikaendelea kuishika, wakanipiga tena. Nikaachia. Nilikuwa mkimbizi, Mama Loise, bila kitambulisho, na niliogopa kufukuzwa. Nilirudi nikiogelea na kutembea, nikachelewa. Nimekaa kwenu miaka mingi baada ya hapo, nimekula ugali wako, na sikuweza kukuambia kwamba kamba ilikuwa mkononi mwangu.

Safari hii nilipoachia kamba, kulikuwa na mashua ya pili. Watu wa Budalang'i walikuwa wameileta. Tulirudi nayo kisiwani mara tano kabla jua halijazama. Mzee mmoja hakungoja; aliingia majini kutufuata akazama. Wengine wote walivuka. Miongoni mwao walikuwemo wanafunzi wangu ishirini na wawili. Wiki mbili baadaye Penina na Semei wakafika na ya tatu, ikiwa imejaa.

Nimevunja sharti, na nimepoteza mashua yenu moja. Sikuombi unisamehe yote kwa pamoja. Hukumu unavyoona.

Shule tumeianza tena hapa, chini ya turubai lenu. Ubao ni mlango wa gari lililoungua.

Akot Lueth


Hai Amarat, Juba
5 Februari 2014

Mwalimu Crispus,

Nimeamka. Nakutumia barua ya Mwalimu Akot, imefungwa, ni ya Mama Loise peke yake. Sijaisoma.

Semei amekwisha kukuambia. Nilisema ndiyo, na ningesema ndiyo tena leo, hata baada ya kujua habari za Cissy. Labda hasa baada ya kujua. Lakini nilikuficha, na hilo ndilo kosa langu. Ule mstari wa mkia wa msaada, msomee Mama Loise. Sitaki aniamini bila kuujua.

Bwana Norman anasema shirika litaamua mwezi ujao kama ninabaki kazini. Akiniondoa, nitamwomba Semei kazi. Kucha ziko tayari.

Penina


Budalang'i
23 Februari 2014

Kwa Mwalimu Akot na Penina,

Naandika mwenyewe. Mwalimu Crispus alitaka kuniandikia nikamwambia kalamu naijua.

Akot, barua yako niliisoma shambani, mbali na watu. Miaka kumi nimeamini kwamba asubuhi ile hakuna mtu aliyeomba mashua kwa ajili ya mtoto wangu. Niliwatazama watu wote wa kijiji hiki hivyo, kanisani, sokoni, kwenye kamati. Nilishika funguo za sanduku hivyo. Kumbe kuna mtu alikuwa ndani ya maji ameshika kamba anapigwa. Kwa nini hukuniambia? Ningekuosha mkono ule. Ningekuwekea mafuta. Nimelia mpaka ng'ombe wa jirani wakaja kunitazama, kisha nikarudi nyumbani nikapika, na chakula kilikuwa na ladha.

Huna deni kwangu. Waliokuwa na mashua ndio wenye deni, wa huku na wa huko.

Yule kijana wa mguu, huyo ni wangu mimi. Jumapili nilisimama kanisani nikasema hivyo: mtu amepoteza mguu kwa sababu ya neno langu. Tumechanga. Pesa za kumtengenezea mguu wa bandia ni zangu, nimeuza fahali. Za mashua nyingine ni za wote, na watu wetu walio Nairobi wameongeza. Semei aanze kutafuta mbao, zile nene.

Penina, nimesomewa mstari wako. Ulikuwa umesema kweli, ila hukujua kilichokuwa kwenye mkia huo. Sasa unajua, na mimi najua, tuendelee. Shirika likikuondoa, kamati imeamua kwamba wewe ni mwakilishi wetu huko. Mshahara hatuna. Muhuri tunao.

Kwenye mashua mpya msiandike jina la kamati wala la Cissy. Watoto wa huko wana majina yao.

Sharti la tatu nimelifuta kwa mkono wangu, mbele ya kamati. Katibu alitaka kuandika jingine mahali pake. Nikamwambia aache pawe wazi, nyinyi mlio karibu na maji mtajua la kufanya.

Nendeni mkapande kabla mbegu hazijachelewa. Mama yako, Penina, nitazungumza naye mimi.

Loise Nekesa